Huu Si Samaki

Jirani yetu wa ghorofa ya pili ana miti sita ya mepo, mti wa nchi za baridi, barazani. Kwa wengine mti huo hupita paa. Kwake, baada ya kupogolewa miaka ishirini na saba, haufiki gotini, na chungu chake hakizidi kina cha sahani. Kila asubuhi huzungushia matawi waya wa shaba ili yashike umbo, kwa vidole vilivyopinda kuliko matawi yenyewe. "Taratibu, mwanangu, hatugombani," huuambia mti. Tawi likitoa mlio, huliacha mpaka kesho.

Jumapili mwanawe aliingia bila hodi, kabeba maboksi ya kumhamishia kwake, kwenye nyumba isiyo na baraza. Alimkuta akikunja tawi nene, mimi nikimshikia koleo. "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Huo umeshakomaa."

Hakugeuka. Alisukuma kidogo, akakaza waya, tawi likatii. "Huu si samaki. Wala mimi si samaki." Kisha akafukia mbegu ya mepo kwenye chungu kitupu. "Huu utapendeza baada ya miaka thelathini. Ukija kuuona, piga hodi."