Bi Radhiya na Mioyo Isiyohesabiwa

Bi Radhiya wa Mbwajumali hakuhesabu kitu chenye roho. Ungemuuliza ana watoto wangapi, angejibu, "Wapo." Ungemuuliza mbuzi wake, angekwambia wako malishoni. Kuku wakirudi jioni alisimama penye banda akiwaonyesha kwa kidole, "Huyu, na mwenziwe, na mwenziwe," mpaka waishe. Mikate ya mofa aliyopika aliihesabu barabara, maana mkate hauna roho. Imani yake ilikuwa kwamba kiumbe ukimtaja kwa idadi umemwonyesha mwenye kijicho mahali pa kuanza kupunguza. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe, yeye mavyaa wangu, na katika nyumba ile, mpaka siku ya kisa hiki, sikupata kujua ana wajukuu wangapi, ingawa wengi wao niliwaogesha kwa mikono yangu.

Usimdhanie mjinga. Alijua kutibu homa, kupatanisha mke na mume, na kumfukuza mgeni asiyeaga bila kumvunjia heshima. Lakini akishashika lake ameshika, na sisi wengine tulizunguka pembeni kama maji yanavyozunguka jiwe. Nilimpenda na alinichosha, mara nyingi kwa siku moja.

Basi bintiye Hadia, wifi yangu, akapata mimba, na tumbo likatoka kwa haraka isiyo ya kawaida. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na serikali ilikuwa imeanza kutuletea nesi kwa motaboti kutoka Amu. Nesi mwenyewe aliitwa Kerubo, mtu wa Kisii, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa shule, ambaye kila akipanda motaboti alishika ubao kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka afike. Alikuja na kipembe cha mti, upande mmoja bapa wa kuweka sikio, upande mwingine mpana wa kuweka juu ya tumbo. Watu wa Mbwajumali walikiita siwa ya Bi Kerubo. Tofauti ni kwamba siwa ya wakubwa wetu hupulizwa watu wakasikia, na hii ya kwake ilikuwa ikisikiliza yenyewe.

Siku ya kwanza Bi Radhiya alitoa sharti moja. Bintiye angelala kitandani amefunikwa leso kuanzia kichwani, tumbo tu ndilo lionekane, kwa sababu ya haya. Kerubo akakubali, alishazoea mambo yetu. Akaweka kipembe kushoto, huku akigonga kidole chake ubavuni mwa kitanda kufuata moyo anaousikia. Akahamia kulia, kidole kikagonga mwendo mwingine. Akarudi kushoto, akaenda tena kulia, apate kuhakikisha hasikii moyo mmoja mara mbili. Halafu akasimama na kutangaza kwa furaha, kwa sauti ile yake ya shule, "Wawili! Mama, ni mapacha! Mioyo miwili!"

Kuta zetu ni za udongo na paa la makuti. Kisima kiko nyuma ya nyumba, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wanateka maji. Bi Radhiya alikwenda kufunga dirisha, akiwa amechelewa mno, akatia ubani chetezoni mpaka Kerubo akaanza kukohoa.

"Nitakuja kila wiki," Kerubo alisema akifuta machozi ya moshi. "Mapacha wakifika mwishoni, mmoja anaweza kuchoka polepole, na mwenzake anapiga vizuri tu, na mama asijue. Lazima niwasikie wote wawili, kila wiki."

Maneno hayo yalikuwa ya kumtahadharisha mtu. Alichosikia mavyaa wangu ni kwamba mgeni atakuja kila wiki kuhesabu wajukuu zake kwa sauti.

Akapanga lake. Jirani yetu, jina lake Hindu, mke wa Mselem, alikuwa naye na mimba kubwa, ya mtoto mmoja, na alikuwa mwanamke mnene wa haki, ambaye hata mkunga wa kijiji alimpapasa akakata tamaa. Akaahidiwa mikate ya mofa na samaki wa kupaka, na kazi yake ilikuwa kulala tu chini ya leso. Nesi angesikia moyo mmoja, angejiona alikosea mara ya kwanza, angetangaza "mmoja" kwa sauti ile ile, na wenye vijicho kisimani wangerudi makwao. Asubuhi ya wiki ya pili, siku ya nesi, mimi nilitumwa kwenda kumwita Hindu, nikaenda. Hata wewe ungekwenda, kama ungekuwa unakula katika nyumba ile.

Asubuhi hiyo hiyo Hadia, akiwa amefichwa chumba cha ndani, alinishika mkono. "Wifi," akasema, "wa kuume hatezi sana tangu yana."

Nilimwambia mavyaa kwamba mtoto wa kulia hachezi sana tangu jana. Akanijibu, "Amelala. Wewe hulali?" Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na niliogopa vilevile. Lakini Kerubo alikuwa ameshaingia uani.

Siku hiyo maji yalikuwa yanakupwa, na Kerubo alikuwa na haraka ya kurudi Amu kabla mkondo haujakauka. Aliinama juu ya tumbo la Hindu. Mikono yake ilitafuta na kutafuta, nyama ikamzuia. Akaweka kipembe kushoto, kidole kikagonga vizuri. Akaweka kulia, kidole kikakaa kimya. Juu, kimya. Chini, kimya. Jasho likamtoka. Bi Radhiya, kando ya mlango, alikuwa amejiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, na mimi niliyemzoea nilijua kwamba anacheka.

Hakutangaza kitu safari hii. Alitoka nje kwa upole, akamwita Famau, mume wa Hadia, ambaye mavyaa wangu hakumwona mtu wa kuambiwa siri, na akamweleza kwa sauti ya chini kwamba anasikia moyo mmoja tu. Mtoto mmoja amenyamaza. Ili kumwokoa wa pili, mama apelekwe hospitali ya Amu sasa hivi, na huenda ikabidi apasuliwe.

Famau alikuwa mtu mpole aliyelia hata kwenye harusi. Alitoa ukelele uliowatoa watu majumbani, akaingia ndani na wanaume wenzake, na kabla Bi Radhiya hajafungua kinywa, kitanda kilikuwa kimeinuliwa na Hindu yuko juu yake. Wakaishika njia ya pwani mbio. Kerubo alikuwa ubavuni na kipembe chake, akiwahimiza. Mavyaa wangu alikuwa nyuma anapiga kelele, "Ngojani! Ngojani kwanda!" na kila mtu alidhani ni uchungu wa mzazi.

Mselem, mume wa Hindu, alikuwa anatoka shamba na punda wake. Akapisha njia, akaombea mgonjwa, na hapo akaona mguu uliochomoza chini ya leso. Mguu huo aliujua.

"Mwamtukua wapi mke wangu?"

"Mselem, yeo si siku ya mzaha," Famau alimjibu huku analia. "Huyu mke wangu, na mwana mmoya amekufa tumboni."

"Mke wangu ana mwana mmoya tu! Mumemuua?"

Akashika mguu wa kitanda upande wake, Famau akavuta upande wake, kila mmoja anaapa kwa jina la Mungu kwamba mwanamke huyo ni wake, na Kerubo anawasihi wasimtikise mgonjwa. Mgonjwa akajiamulia. Leso ikaruka, Hindu akaketi wima.

"Nishusheni! Wataka kunipasua! Mwana wangu mzima, hunipiga mateke mpaka silali, na sijapawa hata mkate mmoya!"

Akashuka mwenyewe, akampita Kerubo, akaelekea kwake kwa mwendo ambao sikumwona nao tena maisha yake yote. Kerubo alimtazama akienda. Kisha akageuka polepole kwa Bi Radhiya.

"Mama," akasema, "yule wangu wa wawili yuko wapi?"

Ikawa kazi ya Hadia kujibu. Alikuwa ametoka peke yake, anajishika ukutani, uso wazi mbele ya wanaume wote.

"Ndimi," alisema. "Nisikilize, Bi Nesi. Wa kuume hatezi."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kwa watu kikakatika. Tukamlaza pale pale njiani kwenye kitanda cha Hindu, wanawake tukanyoosha leso pande zote kuwa pazia. Kerubo alipiga magoti mchangani. Kushoto kidole chake kikagonga. Kulia kikangoja. Mselem alimziba punda wake pua kwa mikono miwili. Kidole kikagonga, kikakaa, kikagonga.

"Yupo," Kerubo alisema. "Lakini anapiga polepole. Amechoka. Twende Amu."

Aliyetangulia kupanda motaboti alikuwa mavyaa wangu, bila viatu.

Nahodha, Jamaludin, alituambia hatuna muda. Maji ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia, yalikuwa yanaondoka, na yakiisha tungekaa matopeni mpaka yajae tena. Akawasha injini. Hatujafika mbali Bi Radhiya akamshika Kerubo bega.

"Msikilize."

"Siwezi, Mama. Injini inapiga kelele."

"Jamaludin! Zima ingini!"

Jamaludin akazima. Kerubo, mwenye kuogopa bahari, akafumbua macho, akatambaa na kipembe chake. "Wawili," akasema. "Washa!" akaamuru Bi Radhiya. Tukaenda kidogo. "Zima!" Wawili. "Washa!" Punde tena, "Zima!" Yule aliyetia ubani kuizuia hesabu sasa alikuwa akiidai, na kila akiipata uso wake ulilegea kwa muda wa kumeza mate, halafu ukakazika tena. Famau alikuwa akilia kila injini inapozimwa na kunyamaza inapowashwa. Jamaludin alisema akizimishwa tena atatupa ufunguo majini na sote tutazalia hapo hapo.

Karibu na Mkanda uchungu ukamwanza Hadia. Kerubo alisikiliza mara moja zaidi, na safari hii alikaa muda mrefu upande wa kulia. Akakiweka kipembe mfukoni.

"Hatusimami tena," alisema. "Nikiendelea kusikiliza, tutakwama. Kusikia hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kufika."

"Nami nitayua vipi kama yupo?" Bi Radhiya aliuliza.

"Hutajua, Mama."

Nimemwona mavyaa wangu akizika mume na hakuwa vile. Alikaa kwenye sakafu ya motaboti, kichwa cha bintiye mapajani mwake, kiganja chake upande wa kulia wa tumbo. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilidhani anasoma dua, nikainama nimwitikie amina. Alikuwa anasema, "Mmoya, wawili. Mmoya, wawili." Nilimpa mkono wangu. Alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, na sikumwambia alegeze.

Tuliukwaruza mchanga mara mbili, tukapita. Pale Amu watu wa gatini walimbeba Hadia mpaka hospitali, Kerubo akaingia naye, mlango ukafungwa. Sisi tukabaki barazani, Famau amejiinamia, mimi na mavyaa tumesimama.

Mtoto akalia. Sauti nene, ya kugomba.

"Mmoya," Bi Radhiya alisema kwa sauti.

Tukangoja. Ndani watu walikuwa wanatembea haraka, na Kerubo alikuwa akisema maneno mafupi mafupi. Famau aliinua kichwa. Mavyaa wangu aliusogelea mlango, akaweka sikio lake kwenye ubao.

"Mmoya," alisema tena, taratibu. "Ya Rabi, mmoya."

Halafu ikasikika sauti nyembamba, kikohozi zaidi kuliko kilio, ikakatika, ikarudi, ikakasirika. Kerubo akafungua mlango, kofia yake imekwenda upande, na alikuwa analia bila kujificha. "Wasichana," alisema. "Wa pili ametutia wasiwasi, lakini anapumua. Yuko sawa."

Bi Radhiya hakuingia kuwatazama. Kwanza alitoka uani, akaenda mpaka njiani, kichwa wazi, bila viatu, matope ya pwani yetu magotini. Alikuwa anapita mzee mmoja na punda wake amebeba mawe, mtu ambaye hatukumjua, na macho yake hatukuyajua yana nini ndani yake. Bi Radhiya akamsimamisha.

"Wawili, Bwana," akamwambia. "Wajukuu zangu. Wamezawa wawili."

Mzee akashangaa, akampa hongera. Akauliza kama hao ndio wa kwanza au ana wengine.

"Tisa," alisema Bi Radhiya. "Na hawa, kumi na moya."