Asubuhi Niliyokubali Kuitwa Daktari

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, hapa hapa Akheri, na mpaka leo nikiikumbuka nakuwa roho juu.

Mwingereza ndiye aliyekuwa akitutawala, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka vita vya Burma, hata mwaka haujaisha. Jeshini nilikuwa muuguzi. Walinifundisha Nairobi kwa miezi michache, wakanivisha kaki, wakanipakia melini. Kule msituni nilifunga majeraha, nilichoma sindano, nilibeba wenzangu kwa machela tope likitufika magotini. Lakini wagonjwa wangu wote walikuwa wanaume, askari wenye risasi mwilini au malaria.

Niliporudi, watu wakaniita daktari. Kanisani daktari, kwenye mashamba ya kahawa daktari. Ningeweza kuwaambia, jamani, mimi ni muuguzi tu. Sikusema. Jina lilikuwa tamu, na nilikuwa kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia yake. Cheka tu, mwanangu, nilistahili kuchekwa.

Asubuhi hiyo kaka yangu Anaeli alinijia mbio. Mkewe, Eliwaza, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na ilikuwa mimba ya kwanza. Nilipofika kwake, vijana wanne walikuwa wameshafunga kitanda kwenye miti miwili ya kubebea, tayari kumbeba hadi barabarani wakatafute lori la kwenda hospitali mjini. Mkunga, bibi aliyekuwa amezalisha nusu ya kijiji, akatoka mlangoni. Nilikuwa na mawazo hata nikasahau kumwamkia shikamoo.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Mimi ningesema aende hospitali. Ila daktari umefika, sema wewe."

Kwetu mwanamume hakuwa akiingia anapojifungulia mwanamke. Nilisimama nje upenuni, mvua ikinidondokea, mkoba wa jeshi begani, na watu wote wananitazama mdomoni. Sikujua lolote, mwanangu. Huko vitani nikikwama nilikuwa napiga kelele, "Daktari!" na daktari anakuja. Hapa aliyeitwa ni mimi.

Nikasema kwa sauti ya kijeshi, "Tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba walisubiri kwa sababu yangu. Nikaagiza maji ya moto ambayo sikuyajua kazi yake. Nikatoa vidonge vya maumivu. Ndani Eliwaza alilia kwa nguvu, halafu sauti ikawa ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha zaidi. Anaeli alikuwa akiizunguka nyumba, na kila akinifikia ananiuliza, "Bado?" Namjibu, "Bado kidogo." Nilikuwa naomba kimoyomoyo atokee mtu mwingine aamue.

Mwisho bibi akatoka tena, anajifuta mikono. Akanisogelea ili wengine wasisikie.

"Baba, huko vitani ulizalisha wangapi?"

"Hakuna, Bibi."

"Sasa tunasubiri nini?"

Nikawaita vijana. Kubeba mgonjwa nilikujua, basi nikashika upande wa mbele mwenyewe, tukashuka na utelezi ule karibu mbio. Kila Eliwaza aliponyamaza nilimwita jina ili aitikie. Barabarani tulipata lori la shamba moja la kahawa, dereva akatuhurumia.

Eliwaza alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Daktari wa hospitali alikuwa Mzungu mgeni, Kiswahili hakijamkaa, akasema kwa Kiingereza kwamba kama tungewahi kufika saa mbili kabla, pengine mtoto angeishi. Aliyejua Kiingereza pale kati yetu ni mimi peke yangu.

Anaeli akaniuliza, "Amesemaje?"

Ningeweza kuyaruka maneno hayo na hakuna ambaye angegundua. Nikamtafsiria yote. Kisha nikaongeza langu: "Nilikuwa sijui, kaka. Niliona haya kusema." Hakusema nami mpaka kahawa ikaiva, na siku aliposema, aliniita tu nikamsaidie kuvuna. Habari ile hakuigusa tena hadi anafariki.

Mimi nilirudi hospitali nikaanza upya, chini kabisa, kusafisha wodi na kujifunza. Nilikuwa muuguzi miaka mingi, na wenzangu walinitania kwamba neno langu kubwa ni "sijui, tumwite anayejua." Waliponitania nilifurahi.

Sasa na wewe unakwenda kusomea kazi hii, mwanangu. Watu watakuamini kwa sare tu, kabla hujawafanyia lolote. Iogope imani hiyo. Usipojua, sema dakika hiyo hiyo, maana haya yako inaisha kesho lakini mgonjwa ana leo tu. Na ukikosea, sema pia, mbele ya yule uliyemkosea, hata kama hakuna mwingine anayeweza kumwambia.

Nenda salama. Mungu akupe mikono miepesi na ulimi mkweli, na watoto wote utakaowapokea walie kwa sauti kubwa.