Faulo za Ardith Hoekstra

Kwanza niseme kosa ni langu, asije mtu akamlaumu yule binti Brielle wa ofisi ya chuo. Yeye alinakili tu. Aliyeandika ni mimi Lois, mwaka 1961, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Siku hizo, hapa Iowa, wasichana tulicheza mpira wa kikapu watu sita kila timu. Watatu wafungaji, watatu walinzi, na uwanja umegawanywa katikati kwa mstari. Mlinzi akikanyaga ng'ambo, refa anapuliza filimbi. Kazi yake ilikuwa kumnyang'anya adui mpira, kuufikisha mstarini na kuwarushia wenzake. Baada ya hapo anasimama kutazama, mikono kiunoni. Ardith Hoekstra alikuwa mlinzi wa Chuo cha Dorcas miaka mitatu. Hakufunga hata pointi moja, kwa sababu sheria haikumruhusu hata kujaribu.

Velda Pruess alikuwa mfungaji. Alifunga pointi elfu moja mia tisa na ushee, na hajaacha kutukumbusha hadi leo.

Mimi mpira ulinishinda, nikapewa kuandika daftari la mechi. Mwaka wa tatu ulipokwisha, kocha akaniambia nihamishe majina kwenye kitabu kikubwa, ndiyo historia yenyewe ya timu. "Wenye pointi tu, Lois. Kurasa ni chache." Nikawaacha walinzi wote. Nilikuwa na miaka ishirini na mwandiko mzuri, sikufikiri mara mbili. Baadaye majina yale yakapakwa ukutani, nami nikapita chini yake miaka hamsini na minane nimefunga mdomo. Mtu huzoea hata aibu yake.

Ardith aliolewa na Gerrit, wakafuga nguruwe, naye akapika katika jiko la shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Si mtu wa maneno. Ukimsifia mkate wake atakuambia umeungua chini. Jirani akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na bakuli la viazi vya jibini na wa mwisho kutoka jikoni kanisani. Alijivunia jambo moja tu, kwamba aliichezea Dorcas. Wajukuu walikwenda kutazama ukutani, jina lake hawakuliona, wakawa wanamcheka.

Gerrit alifariki Novemba. Tangu hapo Ardith alikufa ganzi. Hakulia makaburini wala nyumbani. Alikuwa akitoa sahani mbili, kisha anarudisha moja kabatini. Nilipomuuliza anajisikiaje alinijibu, "Sijisikii, Lois. Ndiyo hivyo."

Februari chuo kikatangaza kwamba kinafungwa, wanafunzi wamekwisha. Kabla ya mechi ya mwisho wachezaji wote wa zamani walialikwa. Kila mmoja angeitwa jina, aingie uwanjani arushe mpira mara moja. Ardith alikuja na koti lake la zamani la timu na mjukuu wake Tessa, binti mwenye mdomo.

"Bibi, una hakika watakuita? Marafiki zangu wako pale juu, usije ukaniaibisha."

"Wakiniita nitakwenda. Wasiponiita nitakaa. Kiti ninacho."

Brielle akaanza kusoma orodha aliyoinakili kutoka kitabuni. Mwaka 1961 ukafika, herufi ya H ikapita. Tessa akamtazama bibi yake. Ardith alitazama mbele.

"Velda Pruess!"

Velda akachechemea na mkongojo hadi chini ya kikapu. Binti mmoja akamletea mpira. Velda akaukataa.

"Nani wewe? Mimi mpira napewa na Ardith. Sijawahi kuupokea kwa mtu mwingine, na sianzi leo na nyonga hii ya chuma. Ardith! Inuka, mvivu wee, watu wanasubiri!"

Ardith akainuka taratibu, akapokea mpira, akaenda hadi mstari wa katikati. Hapo akasimama, ncha za viatu zikiwa nyuma ya mstari.

"Mbona havuki?" Tessa akaninong'oneza.

"Si upande wake," nikamwambia.

Akarusha kwa mikono miwili. Mpira ukadunda mara moja, ukamfikia Velda kifuani. Velda akapiga, akakosa vibaya.

"Pasi mbovu!" Velda akapiga kelele.

"Mkono wako ndio mbovu," Ardith akajibu. Uso wake ulikuwa uleule.

Aliporudi kukaa sikuweza kuvumilia tena. "Shoga, ni mimi niliyekuacha. Kitabu nilikiandika mimi."

"Najua. Kilikuwa wazi mezani siku ulipokiandika, nikakisoma."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeandika vizuri. Ungelazimika kufuta."

Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kesho yake niliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, nikatoa madaftari ya mechi niliyoyaficha kwenye sanduku la chupa za achari ya matango. Mle majina yote yalikuwemo, maana faulo za kila mchezaji nilikuwa naziandika. Mimi na Brielle tukahesabu siku nne. Mwezi wa tano, kabla milango haijafungwa, kitabu kikachapwa upya. Nikampelekea Ardith jikoni kwake, Tessa akiwepo. Binti ndiye aliyesoma kwa sauti.

"Hoekstra, Ardith. Mlinzi. Mechi sabini na moja. Pointi sifuri. Faulo mia mbili na tatu." Akanyanyua macho. "Bibi! Mia mbili na tatu? Ulikuwa unapigana?"

Ardith akakivuta kitabu, akaweka kidole kwenye jina lake.

"Gerrit angecheka," akasema. "Angecheka mpaka..."

Hakumaliza. Alilia palepale mezani, kwa sauti, na Tessa akamshika.