Babu Aliposema "Tupu"

Juzi nilikuwa Usa River, kwenye geti la shamba la maua, nikamwona mlinzi akikabidhi zamu. Aliikunja bunduki katikati, akamwonyesha mwenzake mitutu, wakataniana kidogo, basi. Mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Babu yangu alikuwa nayo kama hiyo, ya mitutu miwili, yenye kibali, ya kufukuzia nyani waliotoka msituni Meru kula mahindi yetu. Haikuingia uani hivi hivi. Kila mara alisimama kwenye ua wa mimea ya masale, akaikunja, akatoa risasi, akaining'iniza mkononi na kusema kwa sauti, "Tupu!" Bibi, yuko jikoni na moshi wake, anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa, hujibu, "Pita, mzee wangu." Hapo ndipo sisi wajukuu tulipomkimbilia. Kazi yangu ilikuwa kumpokea kofia. Bunduki, alisema, usiiguse hata ikilala. Sikuigusa.

Sasa, Jumapili moja ya mavuno tulikuwa na wageni. Babu alikuja anacheka na jirani, akasema "Tupu" bila kuikunja. Akaiegemeza ukutani. Ikateleza, ikalia. Mgomba mzima ulichanika. Watu, Mungu saidia, wote wazima.

"Mzee, si umesema tupu?" jirani akauliza.

Babu akanitazama. "Ni huyu mtoto. Ameichezea."

"Watoto wa siku hizi!" wakasema wageni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kofia yake.

Nisimwonee. Labda aliogopa kunyang'anywa kibali, na nyani wasingetuachia hata gunzi. Labda aliamini kweli kwamba alitoa risasi. Miaka yote nimejaribu kumtetea, lakini mimi niliishia darasa la saba, maneno yananiishia njiani.

Kesho yake alitoka shamba, akasimama kwenye masale. "Tupu!"

Jikoni mwiko ukawekwa chini. Bibi akatoka anajifuta mikono kwenye kanga, akainama, akainua mitutu, akaichungulia kwa nyuma, mmoja, halafu wa pili, mpaka akaona mbingu.

"Haya. Pita."

Hakunitazama, wala hakuwahi kusema kwamba sikuwa mimi. Ila alifanya hivyo kila siku, mpaka babu alipozeeka akairudisha bunduki polisi.

Masale yalishang'olewa, pana ukuta wa tofali. Loshoro bado napika. Lakini ile "Pita, mzee wangu" ya kutoka jikoni, bila mtu kuja kuangalia, sikuisikia tena.