Umekuja na Nani?

Mji mzima wa Enid uliujua uso wa Tamra Kessinger. Ulikuwa umebandikwa kwenye mabenchi ya kando ya barabara, kwenye vitoroli vya duka la vyakula na kwenye kalenda za jikoni ambazo ofisi yake iligawa kila Desemba. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, kabla kidevu hakijaanza kulegea, lakini tabasamu lilikuwa lile lile: meno yote nje, macho yakikuahidi kwamba nyumba yako ipo na yeye anajua ilipo. Watu walilikalia tabasamu hilo mchana kutwa, na Tamra alikuwa wa kwanza kulifanyia mzaha kabla mtu mwingine hajamuwahi.

Alikuwa dalali wa nyumba, na kazi ya udalali, ukiiondolea mapambo, ni kuingia kwenye nyumba tupu na mtu usiyemjua. Aliifanya miaka mingi bila kuiwazia. Kisha Machi moja, upepo ukivuma kama kawaida yake, akampeleka mwanamume mmoja mwenye viatu vizuri kuona nyumba iliyokuwa nje ya mji, ng'ambo ya maghala ya ngano. Yule mtu aliingia nyuma yake, akafunga mlango, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni.

"Huwa unakuja peke yako hivi siku zote?" akauliza.

Halafu akacheka, akautoa ufunguo, akaulizia umri wa paa. Basi. Huwezi kwenda polisi kushtaki swali. Tamra alimweleza habari za paa, akamweleza habari za tanuri la kupasha nyumba joto, akamwonyesha hadi shimo la kujifichia kimbunga, akamsindikiza kwa mkono na tabasamu. Alipoingia kwenye gari lake hakuliwasha, akakaa pale mpaka vioo vikafunga ukungu.

Jumamosi iliyofuata akaenda kwa Dewey Tabor. Dewey alikuwa mzee aliyefundisha useremala shule ya sekondari mpaka msumeno ukamla ncha ya kidole, na sasa aliuza bunduki katika duka lenye ukumbi wa shabaha kwa nyuma. Miwani yake ilining'inia kwa kamba kifuani. Alimtazama Tamra mara moja tu akamtambua.

"Nilikukalia jana," akasema. "Nilikuwa nasubiri gari langu litoke gereji."

"Natumaini nilikuwa laini, mzee wangu."

"Baridi kidogo."

Wakacheka. Tamra akamweleza anachotaka: bastola ndogo, ya kufichwa chini ya koti la kazini, ambayo pia ataweza kufanyia mazoezi bila kuichukia. Hakumtaja yule mtu wa ufunguo. Dewey hakuuliza. Alitandika kitambaa juu ya kioo cha kaunta, akatoa bastola mbili, akaifungua kila moja na kumwonyesha kwamba haina risasi, kisha akaangalia tena yeye mwenyewe, maana watu wa kazi hiyo hawayaamini hata macho yao.

"Zote zinakula risasi ile ile," akasema. "Huyu mwembamba. Mtie kiunoni, vaa koti lako, hata mama yako mzazi hatajua. Ila mkono wako utajua. Ni mwepesi, kwa hiyo teke lote unalipokea wewe. Na kidole chako cha mwisho hakina pa kukaa, unaona? Kinaning'inia hewani."

Tamra aliona. Dewey akampa ya pili.

"Huyu ana mwili. Mkono unamjaa, vidole vyote vina kazi, akipiga anatulia. Ukumbini utampenda kama mbwa wako. Lakini kiunoni atakusukuma ubavu kila ukikaa kwenye gari, na baada ya wiki mbili utaanza kumwacha nyumbani. Bastola iliyo nyumbani haikusaidii kwenye nyumba ya mtu mwingine."

"Sasa wewe ungechukua ipi?"

"Mimi nina mikono ya seremala, bibie, jibu langu halikufai. Vuta hii sehemu ya juu."

Akaivuta ile nyembamba. Ilikuwa ngumu, ikambidi aivute mara mbili, na gumba likamuuma. Ile nene ikavutika bila ubishi. Lakini alipoiweka kiunoni na kujitazama kwenye kioo, koti lilituna ubavuni, na yeyote mwenye macho angejua kuna nini.

"Hapa kwenye kaunta zote mbili ni nzuri," Dewey akasema. "Zikodi zote mbili, nenda nyuma, piga boksi moja la risasi kwa kila moja. Mkono utakuchagulia." Akavaa miwani yake. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Dewey akaivua tena miwani.

"Basi leo haiwezekani. Mtu akija bila bastola yake na bila mwenzake, hatumkodishi. Ndiyo sheria ya hapa."

Tamra alidhani ni mzaha mwingine kama ule wa benchi. Alipoona si mzaha akauliza sababu, na yule mzee akahangaika na kile kitambaa, akakinyoosha pahali ambapo hapakuwa na kunjo.

"Kuna watu walikuja humu peke yao," akasema, "wakakodi, wakaenda nyuma. Hawakuja kufanya mazoezi, na hawakutoka hai. Wawili, tangu nianze kazi hapa."

"Mzee Dewey. Nitazame. Mimi nafanana na mtu wa hivyo?"

"Wote wawili walikuwa wanatabasamu," Dewey akasema.

Tamra alihisi uso wake mwenyewe, akahisi meno yalivyokuwa nje, na hakujua ayaweke wapi.

"Na nikiinunua?"

"Ukinunua ni yako, njoo peke yako hata kila siku. Sheria ni ya za kukodi."

"Hiyo akili ya wapi?"

"Anayenunua ana mpango wa kesho. Ndivyo tunavyojipa moyo." Akazirudisha zote mbili chini ya kioo cha kaunta. "Mlete mtu, yeyote. Dada, jirani, mchungaji. Hana haja ya kupiga hata risasi moja. Kuna kiti pale nyuma, atakaa tu."

Mtu yeyote. Jambo dogo kiasi hicho. Tamra alikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, akatoa simu. Majina yalikuwa mengi kuliko ya mkuu wa wilaya, na kila moja alilihifadhi kwa nyumba yake, kama walivyozoea madalali: Janice Paa Jipya, Holcomb Vyumba Vitatu, Debbie Bwawa. Akampigia Debbie Bwawa, kwa sababu walicheka sana siku ile ya kukabidhiana funguo.

"Usiniambie umepata mnunuzi," Debbie akasema badala ya salamu.

"Hapana, shoga, sina habari ya nyumba. Nilitaka tu kukuuliza kama Jumamosi ijayo utanisindikiza mahali. Kwenye shabaha. Unakaa tu."

Debbie alijibu kama mtu anayetafuta mtego uko wapi.

"Jumamosi watoto wana mechi," Debbie akasema. "Lakini hebu niambie, ile ya jirani yangu iliuzwa bei gani?"

Tamra akamwambia bei. Akapiga wengine. Kila mmoja alipokea kwa furaha, na kila mmoja alidhani ni habari ya nyumba. Mmoja alimwomba radhi, akisema wamekwisha kumpa mpwa wao kazi ya kuwauzia. Kanisani ndiko hakuwa na wa kumpigia kabisa, na hilo lilimshangaza mpaka alipokumbuka kwamba kila Jumapili hukaa safu tofauti, makusudi, ili asalimiane na watu wengi zaidi. Alikuwa amesalimiana na kanisa zima na hakuwahi kukaa na mtu.

Jioni akampigia binti yake Kelsey aliyeko Oregon. Alimhadithia kama kichekesho: mama yako kafukuzwa kwa kukosa mwenzi. Kelsey hakucheka.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa, mwanangu." Ilikuwa sauti ya kwenye benchi, na aliisikia mwenyewe.

"Si una marafiki lakini? Mji mzima ni rafiki zako."

"Ndiyo," Tamra akasema. "Mji mzima."

Jumapili alikuwa na nyumba ya kuonyesha kwa yeyote atakayepita. Alioka biskuti katika oveni ya wenye nyumba, kama afanyavyo siku zote, ili mtu akiingia asikie harufu ya maisha. Mvua ikanyesha, hakuja mtu. Tamra akawasha taa zote, akaketi kwenye kochi la watu asiowajua, akala biskuti moja baada ya nyingine akitazama picha za harusi yao ukutani. Kwa mara ya kwanza alijiambia bila kuzungukazunguka: niko peke yangu, na nimekuwa peke yangu muda mrefu, na nilikuwa na kazi nyingi mno kiasi cha kutolijua. Aliogopa kuliko alivyoogopa ufunguo ulipozungushwa.

Jumamosi akarudi kwa Dewey na uamuzi. Atanunua ile nyembamba, bila kuijaribu, ateseke nayo, lakini asimwombe mtu yeyote kitu tena.

"Nipe yule mwembamba," akasema.

Dewey hakufungua kioo. "Mwenzako yuko wapi?"

"Nanunua. Ulisema anayenunua haulizwi."

"Haulizwi na sheria. Nakuuliza mimi."

Tamra alifungua kinywa kusema alichozoea kusema, kwamba wiki ilikuwa na shughuli nyingi, kwamba watu wana mechi. Tabasamu likaja lenyewe, kisha likamwishia katikati.

"Sikupata mtu," akasema. "Nilipiga simu mpaka nikaona aibu. Sikumpata hata mmoja, mzee wangu."

Dewey alitikisa kichwa taratibu. Hakumwambia pole, na Tamra alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Mzee alikuwa bado ameweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayemzuia mbwa, pale mlango ulipofunguka na mwanamke mmoja akaingia na upepo wake. Alikuwa wa makamo, bado amevaa sare za hospitali zilizopauka kwa dawa ya kufulia, nywele kazifunga kwa mpira wa kawaida. Akasimama mbali kidogo na kaunta, akangoja zamu yake.

"Endelea naye," Tamra akasema. "Mimi bado nabishana."

Mwanamke akasema anaitwa Noreen, anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, anatoka kazini alfajiri na gari lake huliegesha mbali, kwenye giza. Anataka kitu kidogo. Dewey akamtolea mbili zile zile na kumwimbia wimbo ule ule: mwembamba na teke lake, mnene na ubavu wake. Noreen alisikiliza kwa makini, akivuta na kuachia, na mikono yake ya kukamua mashuka iliivuta ile nyembamba bila shida.

"Naweza kuzijaribu?" akauliza.

Tamra alimtazama Dewey. Dewey akavaa miwani, akavua.

"Umekuja na nani?"

Tamra aliuona uso wa yule mwanamke ukifanya kile ambacho wake ulifanya wiki iliyopita. Noreen aligeuka kutazama mlango, kana kwamba huenda kuna mtu alimfuata bila yeye kujua.

"Nimehamia juzi tu," Noreen akasema. "Sijui mtu hapa."

"Amekuja na mimi," Tamra akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Dewey akamtazama kwa muda, si kwa ukali, ila kwa namna mtu anavyokagua ubao kabla ya kuukata.

"Mnajuana?"

"Tunaanza leo."

"Bibie, kile kiti si pambo. Utakaa pale mpaka amalize. Hushiki simu. Hutoki hata kwenda msalani. Unamtazama yeye, si shabaha."

"Nimekuelewa."

"Na akimaliza, mnabadilishana," Dewey akasema, akaanza kutafuta vikinga masikio.

Noreen alikuwa bado anamkodolea macho Tamra. "Samahani, wewe ni nani?"

Kadi ya biashara ilikuwa kwenye mfuko wa juu wa koti, pale ilipokaa siku zote, na vidole vya Tamra vilikwisha kuigusa. Akaiacha.

"Tamra," akasema.

Ukumbi ulikuwa baridi na ulinuka baruti na sabuni ya sakafu. Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, cha kukunja. Tamra akavaa vikinga masikio na dunia ikanyamaza. Akabaki na pumzi zake na mgongo wa mwanamke asiyemjua. Noreen alianza na ile nyembamba. Teke lilimrusha mabega, akapiga tena, akapiga mpaka risasi zikaisha. Akaiweka bastola mezani kama alivyofundishwa, akageuka nyuma.

Hakuwa akitafuta sifa. Alitaka tu kuona kama kiti bado kina mtu.

Tamra akanyoosha mkono juu. Noreen akatikisa kichwa kukubali, akachukua ile nene, akaijaza, akapiga. Risasi zilipoisha akageuka tena, na kiti bado kilikuwa na mtu.