Kikapu cha Kahawa Kilichovuka Busisi

Nina duka la daftari na fotokopi pale Mkuyuni, na haipiti wiki bila mteja wa kunichokoza. "Shija, wewe si ulikuwa katibu wa mbunge? Mbona bado unahangaika na karatasi za watu?" Anataka niseme kwamba wanasiasa wote ni walewale, tucheke, kila mtu aendelee na siku yake. Mimi simpi raha hiyo. Namwambia asubiri fotokopi zitoke huku nikimsimulia safari ya siku moja niliyokwenda na Mheshimiwa Kemilembe ng'ambo ya pili ya maji. Nimeisimulia kwa vipande hadi nimechoka, kwa hiyo leo naiandika yote, tangu kuondoka hadi kurudi.

Tulisafiri kwa sababu ya mwalo. Kijiji cha Itumbiko kilikuwa na mwalo mmoja tu, yaani ufukwe ambapo mitumbwi inaingia na kina mama wanaanika dagaa. Kwingine kote ni majabali matupu, hata ukitaka kuanika shati lako huoni pa kuliweka. Sasa akatokea mwekezaji aliyeutaka ufukwe ule ajenge hoteli na kuuzungushia uzio. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umeitishwa kuamua, na kila mtu alijua kwamba wanakijiji watafuata atakachosema mbunge wao. Akiunga mkono, au hata akinyamaza, kina mama wa dagaa wamekwisha.

Mheshimiwa Kemilembe mwenyewe alikuwa Mhaya, Mlutheri wa kuimba kwaya, mwalimu wa jiografia aliyeacha chaki akaingia kwenye siasa. Gari lake kuukuu aliliendesha mwenyewe. Alipanga nyumba Buzuruga, na mwezi ule mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ya kuhama kwa sababu anataka kumpa mwanawe anayeoa. Mbunge mzima alikuwa anatafuta pa kuhamia, na mji mzima ulijua.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mkuyuni, faili kwapani, nikimsubiri anipitie. Kabla hajafika, akasimama mbele yangu Bwana Dismas, yule aliyekuwa akishughulikia mambo ya mwekezaji hapa mjini. Ni mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa la kuchoma.

"Kijana wangu, naona safari imeiva."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mheshimiwa wako si Mhaya? Basi mpelekee hii kahawa ya kwao ya kutafuna. Mhaya hakatai kahawa, kwao ni matusi." Akaniwekea mikononi kikapu kidogo kizuri chenye mfuniko, kimesukwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Halafu akasogea karibu. "Ila mwambie afungue akiwa peke yake. Na wewe hutasahaulika."

Akaondoka kabla sijajibu. Mimi ni Msukuma wa Magu. Ng'ombe nawajua kwa majina, lakini kahawa naijua ikiwa ndani ya kikombe tu. Nikakitikisa kile kikapu kama mtu yeyote anavyotikisa zawadi. Punje zikachakarika, na katikati yake kitu kikalia, kli.

Kahawa hailii hivyo. Nilijua papo hapo, wala sitafuti pa kujificha. Nikajiambia labda ni kijiko. Lakini nani anatafuna kahawa kwa kijiko? Gari lilipofika nikapanda, nikakipakata kikapu, nikasema habari za asubuhi kama mtu mwema.

Saa mbili kasoro tulikuwa Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Siku hizo daraja lilikuwa bado nguzo tu majini, na kuvuka kwenda Busisi kulitaka subira. Tulishuka garini, Mheshimiwa akanunua karanga, akasimama kuangalia maji huku akizimenya. Ndipo akakiona kikapu.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Kimeletwa na Bwana Dismas, Mheshimiwa. Kasema ni kahawa ya kwenu. Kasema... ufungue ukiwa peke yako."

Akaacha kumenya karanga. "Kahawa ya kutafuna, peke yangu?" Akacheka kidogo, kicheko cha mwalimu anayesoma jibu la ajabu kwenye mtihani. "Kuna kingine alichosema?"

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa na lile neno la kutosahaulika, na nilikuwa na ule mlio. Nikaangalia kivuko kinavyokuja. "Hapana, Mheshimiwa."

"Haya. Kitunze, tutakifungua hukohuko tuendako." Akaendelea na karanga zake.

Kuvuka kwenyewe kulichukua kama nusu saa, nami niliiona ndefu kuliko safari zote za maisha yangu. Watu walimsalimia, yeye akawauliza habari za mihogo na za watoto shuleni. Mimi nilisimama kwenye vyuma vya pembeni na kikapu changu, aibu imenijaa. Nilifikiria kukitupa majini. Nilifikiria pia nyumba yangu ya kupanga yenye bati linalovuja. Nasema yote mawili kwa sababu yote mawili niliyafikiria.

Baada ya Sengerema lami ikatuacha. Tukaingia barabara ya vumbi jekundu, mashamba ya mihogo huku na huku, majabali yamekaa juu ya majabali mengine. Mheshimiwa aliimba sauti ya pili ya pambio za kwao, ile ya kwanza alimwachia nani sijui. Mimi kila gari liliporuka kwenye shimo nilikibana kikapu kwa viganja viwili kisilie.

Saa tano tulifika Itumbiko. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bwire, alitupokea kwa mikono miwili, na nyuma yake akaja Mama Nyanjige, kiongozi wa kina mama wa dagaa, kanga kiunoni, magamba ya dagaa yakimetameta hadi kwenye nyusi.

"Mwangaluka!" akatusalimia Kisukuma, nami nikaitikia kwa furaha ya kusikia lugha ya nyumbani. Akamgeukia Mheshimiwa. "Mama, tunashukuru umekuja. Hapa usiku hatulali. Wakitufungia huu mwalo, twende tukaanike wapi, kichwani?"

"Tutaongea mbele ya wote, mama," Mheshimiwa akamjibu. Jibu hilo halikumridhisha. Nilimwona akikitazama kikapu changu, halafu akinitazama mimi.

Tulikula ugali wa muhogo na samaki sato wa kuchemsha. Mchana, saa nane, mkutano ukaanza kwenye banda la kupokelea samaki. Watu walijaa hadi nje. Na mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, nani amekaa na koti lake? Bwana Dismas. Alikuwa ametutangulia kwa boti. Akanipungia mkono kama mjomba.

Wakasema wa kusema. Dismas alieleza hoteli itakavyoleta ajira, na mengine yalikuwa matamu kweli. Mama Nyanjige alisimama akasema maneno machache, akakaa. Kisha Mzee Bwire akasema, "Sasa tumsikie mbunge wetu."

Mheshimiwa akasimama. "Ndugu zangu, kabla sijasema langu, nimeletewa zawadi ya kwetu. Huku mnaweza msijue, basi niwafundishe, kazi yangu ya zamani. Kwetu Bukoba mgeni akifika hatuanzi na chakula. Tunampa kahawa ya kutafuna. Na kahawa hiyo ina adabu yake. Haifunguliwi chumbani. Inafunguliwa mbele ya waliopo, aliyeitoa anachukua ya kwanza aile watu wakimwona, halafu kikapu kinazunguka. Anayekula kahawa peke yake kwetu tunamwogopa. Katibu, mpelekee Bwana Dismas kikapu, aanze yeye."

Nikamfikia Dismas, nikakifungua kikapu mbele yake. Koti lile lote likaanza kuloa jasho, akalivua akaliweka nyuma ya kiti. "Mimi kahawa inanisumbua tumbo," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kizunguke," akasema Mheshimiwa.

Kikazunguka. Mzee Bwire akachota punje mbili akatafuna, akakunja uso, watu wakacheka. Kikafika kwa Mama Nyanjige. Mkono wake mpana wa kugeuza dagaa ukazama ndani, ukasimama, ukatoka polepole. Kati ya vidole vyake ulikuwa umening'inia ufunguo, umefungwa kipande cha plastiki chenye maandishi. Akamwomba binti aliyekaa karibu amsomee. Binti akasoma kwa sauti: "Nyumba, Buswelu, geti la bluu."

Mama Nyanjige akautazama ufunguo, akamtazama Mheshimiwa. "Eti Mama, kahawa ya kwenu ina mbegu za chuma?"

Kicheko kilichopasuka pale kilirusha ndege waliokuwa juu ya bati. Lakini Mheshimiwa hakucheka. Alinigeukia mimi, na kicheko kikakatika.

"Shija. Kikapu umekileta wewe. Waambie wenye mwalo umekipokea kwa nani, na uliambiwa nini."

Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema kimetoka kwa mtu nisiyemjua pale Mkuyuni, na Dismas alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba hivyohivyo. Kilichokuwa mbele yangu ni mikono ya yule mama, bado imeushika ufunguo. Nikasema. Nikamtaja Dismas kwa jina lake, nikalitaja lile neno la kutosahaulika. Halafu nikaongeza ambacho hakuna aliyeniuliza: "Na nilisikia chuma kikilia ndani. Mheshimiwa aliniuliza kivukoni nikamficha. Naomba radhi kwake na kwenu."

Hakuna aliyenipigia makofi, wala sikustahili. Dismas akasimama. "Jamani, hii ni zawadi tu. Ni mila, nimeheshimu mila ya Mheshimiwa!"

"Mila yangu naijua, Bwana Dismas," akajibu bila kupandisha sauti. "Wewe uliijua nusu. Ulijua hatukatai kahawa, hukujua hatuifichi." Akamgeukia mtendaji wa kijiji aliyekuwa akiandika. "Iingie kwenye muhtasari: kahawa imeliwa na wajumbe, ufunguo mmoja umekutwa ndani, utapelekwa kwa wanaopambana na rushwa pamoja na maelezo ya katibu wangu. Sasa nasema langu. Mimi nyumba natafuta, kila mtu anajua. Lakini nikilala Buswelu kwenye nyumba ile, hawa kina mama watakuwa wanaanika dagaa juu ya kifua changu. Mwalo usiuzwe, usikodishwe, usizungushiwe uzio. Mimi nimemaliza."

Mzee Bwire akauliza anayekubali anyooshe mkono. Ilinyooka mikono hadi ya waliokuwa nje. Dismas alipitia mlango wa nyuma kwenda kwenye boti yake, hata koti kalisahau kitini. Vigelegele vilipigwa hadi wavuvi waliokuwa majini wakageuza mitumbwi kuja kuona kuna harusi ya nani. Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Mama Nyanjige akaleta ndoo nzima ya dagaa kumshukuru Mheshimiwa. Akaikataa ndoo, akaomba dagaa wakaangwe palepale, wakaliwa na mkutano mzima kwa mkono.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Busisi, tunarudi. Safari hiyo sikusimama pembeni, nilisimama kando yake. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kama ni kunifukuza, nifukuze leo, nisingoje."

Akafikiri. "Nilijua tangu uliposema 'ufungue ukiwa peke yako.' Ungeniambia palepale kivukoni, ningefurahi zaidi. Hukuniambia. Nikasema basi, acha kikapu kizunguke, nijue nina katibu au nina mbeba vikapu."

"Na umepata nani?"

"Mbeba vikapu mpaka saa nane," akasema. "Baada ya hapo katibu. Kesho njoo saa moja, usichelewe."

Nilimtumikia hadi alipomaliza muhula wake. Alihama Buzuruga akapanga tena, chumba kimoja pungufu, na huko ndiko anakoishi hadi leo akifundisha kwaya. Nilichojifunza si kigumu, ingawa kilinigharimu aibu: kitu ukiambiwa ukifungue peke yako, kifungue mbele za watu.

Mwezi uliopita nilirudi Itumbiko. Daraja limekwisha, maji yale yaliyonitesa nusu saa nimeyapita kwa dakika chache, hata karanga sikuwahi kununua. Mwalo upo, dagaa wameanikwa hadi ukingoni mwa maji. Nilikuta wako mkutanoni, na kabla ya ajenda ya kwanza Mama Nyanjige akatoa kikapu kidogo cheusi na cheupe. Kahawa inaletwa kila mwezi, Mheshimiwa mwenyewe huituma. Mama Nyanjige alikula ya kwanza mbele ya wote, kikazunguka, kikanifikia.

Banda zima wakanitazama, wanatabasamu. Walijua nitafanya nini. Nikakiinua hadi sikioni nikakitikisa, na ndani zililia punje za kahawa tu.