Sentensi Aliyosomewa Perrine

Kwaru, kwaru: ndivyo Perrine, bawabu wa nyumba ile ya Paris, anavyomkumbuka mfasiri wa ghorofa ya juu, kwa sauti ya kisu kidogo kikikwangua wino karatasini kufuta maneno. Alikuwa akifasiri kwa Kifaransa kitabu cha Mwingereza kuhusu mali na mishahara. Kila sentensi alishuka nayo, vidole vyeusi kwa wino, akamsomea Perrine asiyejua kusoma. Perrine akikunja uso kwa kutoelewa, mfasiri alirudi juu kukwangua. Mkate ulipopanda bei na Perrine akamzika bintiye Odile aliyekufa kwa njaa, mfasiri aliacha kushuka, ila kisu hakikunyamaza. Perrine akapanda ngazi kumfuata.

“Mbona hunisomei, bwana? Au umemeza ulimi?”

Mfasiri alisoma polepole, bila kumtazama: chakula kikiadimika, watoto wa maskini hufa, vibarua hupungua, na mishahara hupanda. Perrine alishika mwimo wa mlango. Uso wake haukukunjika hata kidogo.

“Hiyo imenyooka,” alisema. “Hata mimi imeniingia.”

Mfasiri alikifunga kisu chake.

“Wiki nzima ninaikwangua, Bi Perrine,” alisema kwa sauti ya chini sana, “ili usiielewe.”